Cu Chi na Jiji kwa Siku Moja

Swali: Ziara ya siku moja Ho Chi Minh City, Vietnam, inaahidi mahandaki ya Cu Chi, yaliyotumiwa na wapiganaji katika Vita vya Vietnam, asubuhi na jiji mchana. Inatosha?

Jibu: Inatosha, ila muulize kwanza mwongozaji ni sehemu ipi kati ya mbili za mahandaki zinazopokea wageni: Ben Dinh au Ben Duoc? Ben Dinh ni karibu na jiji, ndiyo maana mabasi hujazana huko. Ben Duoc ni mbali kidogo lakini kumetulia. Mahandaki ya wageni yamepanuliwa, hata hivyo utapita umejikunja, magoti yakigusa udongo, jasho likitiririka. Anayeogopa pafinyu atokee tundu la kwanza.

Mchana anzia Kasri la Uhuru, ambalo vifaru vya jeshi la Vietnam Kaskazini viligonga lango lake 30 Aprili 1975, vita vilipokwisha. Makumbusho ya vita yaache mwisho: picha zake nzito huua hamu ya matembezi.