Mlinzi Akitaka Kupekua Mkoba Wako Dukani: Anachoruhusiwa na Asichoruhusiwa

Kwenye supamaketi nyingi za Kenya mteja hukaguliwa mara mbili, anapoingia na anapotoka. Kaguzi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Wa kuingia ni wa usalama, wa kutoka ni wa mali, na haki zako hubadilika kati ya milango hiyo miwili.

Ukaguzi wa kuingia ulikazwa baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa. Mlinzi anatafuta silaha na vilipuzi, na mwenye duka ana haki ya kuweka sharti hilo mlangoni pake. Ukikataa, atakuzuia kuingia, basi. Hana ruhusa ya kukunyang'anya mkoba. Fungua mwenyewe, uinamishe kidogo upande wenye mwanga, kisha usogeze vitu kwa mkono wako huku yeye akitazama. Dawa, pedi na karatasi za hospitali ziweke kwenye kipochi chenye zipu. Akitaka kukiona, omba msogee kando ya foleni. Simu unaweza kuombwa uiweke kwenye trei, lakini yaliyomo hayamhusu. Mwilini kifaa cha kutambua chuma kinapitishwa bila kukugusa. Ikilazimu kuguswa, mwanamke akaguliwe na mwanamke mwenzake. Sheria ya Mwenendo wa Jinai inawabana hata polisi kwa jambo hilo, sembuse mlinzi wa duka.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, wateja huja na vikapu na mifuko yao, na kaunta za mizigo hujaa. Kabla ya kuacha mkoba, toa pesa, kitambulisho, simu na kompyuta, halafu hakikisha namba uliyopewa inalingana na ile iliyofungwa kwenye mkoba. Kama una kitu ulichonunua kwingine, na hasa kama duka hilo nalo linakiuza, mwonyeshe mlinzi pamoja na risiti yake kabla hujaingia, umwombe akibandike alama. Chupa moja ya losheni iliyonunuliwa duka la jirani inatosha kuzua tuhuma ya wizi, na kuthibitisha kwamba ni yako ukiwa tayari umefika mlango wa kutoka ni kazi ngumu.

Kwenye mlango huo wa kutoka, shika risiti mkononi. Mlinzi huhesabu bidhaa, huzilinganisha na risiti, kisha hupiga muhuri au kuweka alama ya kalamu. Mpe nafasi afanye kazi yake. Naye ana msimamizi anayemwangalia. Lakini bidhaa ulizolipia zimekuwa mali yako. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inakulinda dhidi ya kupekuliwa mwili, nyumba au mali yako, na Ibara ya 20 inasema haki hizo zinamfunga kila mtu, si serikali peke yake. Kuonyesha bidhaa na risiti ni jambo dogo. Kumwaga mkoba wote mbele ya watu ni jambo jingine, na kulikataa hilo si ushahidi wa wizi.

King'ora kikilia, usikimbie wala usigombane. Mara nyingi keshia amesahau kutoa kile kidude cha plastiki kinachofunguliwa kwa sumaku, au hakupitisha stika ya kuzuia wizi kwenye kifaa cha kuizima. Pengine hata ni stika ya duka jingine iliyobaki ndani ya nguo yako. Rudini pamoja kwa keshia, mpitishe bidhaa moja moja kwenye geti lenye king'ora mpaka mjue ipi inakiliza.

Hali ni tofauti wakikuambia wazi kwamba umeiba. Raia yeyote, mlinzi akiwemo, anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo uliza mambo mawili kwa sauti ya kawaida: nani ameona, na ameona nini? Kisha omba polisi waitwe. Usikubali kupelekwa stoo au chumba cha nyuma. Baki penye watu na kamera. Usitie saini karatasi yoyote ya kukiri. Usilipe ile "faini" ya mara tano au kumi ya bei, kwa sababu duka si mahakama na halina mamlaka ya kumtoza mtu faini. Wengi hulipa kwa aibu ili waondoke, na malipo hayo ndiyo yanayokuja kusomwa kama kukiri.

Kupigwa picha ukiwa umeshikishwa bidhaa, kisha ikabandikwa ukutani au kurushwa mtandaoni, ni jambo la kupinga kwa nguvu zote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa pa kwenda: Kamishna wa Data anatakiwa kuchunguza na kumaliza lalamiko ndani ya siku 90. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Ukionewa, fanya haraka, maana rekodi za kamera hufutwa ili kupisha mpya. Siku hiyohiyo mwandikie meneja baruapepe yenye tarehe, saa, namba ya mlango na mavazi uliyovaa, ukitaka video ihifadhiwe na upewe sehemu inayokuonyesha wewe. Kanuni za 2021 za sheria hiyo ya data zinampa anayehifadhi data yako siku 7 kujibu ombi la aina hiyo, bila malipo. Kama uliguswa au ulizuiliwa kwa nguvu, nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na uitaje kwenye barua hiyo.