Wadogo zangu mnaoanza kusoma saratani ya kichwa na shingo inavyosambaa, anzieni ukingoni mwa uvimbe

Kila mwaka wanakuja labu vijana wapya na proposali zimejaa majina ya molekuli zinazoiambia seli ihame, Snail, Twist, ZEB1, TGF-beta, mishale inapanda mingine inashuka, ukimuuliza mmoja "uvimbe wenyewe umeshauona?" anakaa kimya. Simlaumu kabisa, na mimi nilifundishwa hivohivo. Ila nataka niwaambie mapema kitu ambacho mimi kilinila karibu mwaka mzima.

Darasani tuliambiwa hivi: seli ya epitheli, yani ya utando wa juu wa mdomo au koo, imeshikana na jirani zake kwa protini inaitwa E-kadherini, ikitaka kuhama inaizima hiyo, inawasha vimentini, protini ya seli zinazotembea, inabadilika umbo inakuwa nyembamba, inachomoka inaenda zake. Nikaondoka na hiyo picha kichwani. Nikachukua vipande vilivyogandishwa vya saratani ya ulimi, nikasaga, nikakimbiza westani bloti, yani unatenganisha protini kwenye jeli kwa uzito halafu unaitafuta unayotaka kwa antibodi, protini inayonasa hiyo tu, nikawa nasubiri mstari wa E-kadherini pale kwenye uzito wake wa kilodaltoni 120 upotee kwa wale wagonjwa ambao tezi zao za limfu za shingo zimeshaingiliwa na saratani. Haukupotea. Nikabadilisha antibodi, nikarudia, mstari uleule tena mnene, nikarudia na sampuli nyingine, wapi. Nikajiaminisha kwamba antibodi ni mbovu.

Mwalimu wetu mmoja wa patholojia, mama mtu mzima, akaniambia mwanangu achana na jeli kwanza niletee slaidi. Akaweka slaidi ya ulimi iliyopakwa antibodi ya E-kadherini, akaanza na lenzi ya 4, akanikataza kukimbilia ya 40. Ukiangalia vile viota vya saratani, yani mafungu ya seli zake, katikati ya kila kiota rangi ya kahawia imezunguka kila seli vizuri kabisa kama udongo kati ya matofali. Akasogeza taratibu hadi pale uvimbe unapokutana na msuli wa ulimi. Safu mbili tatu za mwisho rangi imefifia, imekatikakatika, lakini haijaisha, na mbele yake kuna seli kama nne tano zimeongozana, bado zimeshikana, zinapenya katikati ya nyuzi za msuli. Zinaenda kwa kundi jamani, sio moja moja! Hapo ndo nikaelewa, mimi nilikuwa nasaga kiota kizima, na ukingo ni sehemu ndogo sana ya kiota, kwa hiyo habari yote ya ukingoni ilikuwa inamezwa na katikati.

Baadaye nikakutana na ile pepa ya 2017 ya kule Boston, walisoma RNA ya seli moja moja, yani jeni gani zimewashwa kwenye kila seli, seli karibu 6,000 kutoka kwa wagonjwa 18. Walikuta seli nyingine ndani ya uvimbe zimebadilika nusu tu, zina vimentini na vitu vya kupenyea lakini alama za epitheli bado zipo, na hizo seli ziko ukingoni, jirani na fibroblasti, seli zinazojenga tishu ya kushikilia. Nilisoma nikaikumbuka ile slaidi.

Sasa ukishakubali kwamba mambo yanatokea ukingoni, yale majina yote yanapata mahali pa kukaa. TGF-beta inatoka kwa nani? Sehemu kubwa kwa hao fibroblasti wa jirani. MMP-2 na MMP-9 ni vimeng'enya vya kukata utando wa chini na kolajeni, yani ndo panga la kufyekea njia. Kipande cha kromosomu 11, pale 11q13, mara nyingi kwenye saratani hizi kinajirudufu, watu wanakijua kwa saiklini D1, inayosukuma seli kugawanyika, lakini humohumo kuna kotaktini, protini inayosaidia seli kutoa vile vijimguu vya kuchimbia. Halafu VEGF-C, protini ya kukuza mishipa, inaita mishipa ya limfu isogee karibu, na seli yenye kipokezi CCR7 inafuata harufu ya CCL21, kemikali ya kuita seli, hadi kwenye tezi. Ukisoma hivyo, kila molekuli unaiuliza iko wapi na inafanya kazi saa ngapi, sio tu imepanda au imeshuka.

Na jambo hili sio la mtihani tu. Mgonjwa ambaye tezi ya shingo imeshaingiliwa, uwezekano wa kupona unashuka karibu nusu, na saratani ikitoboa ganda la tezi ikatoka nje hali inakuwa mbaya zaidi, ndo maana tangu toleo la 8 la AJCC, mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani, hilo la kutoboa ganda linahesabiwa kwenye hatua ya ugonjwa.

Kingine ni seli za kwenye chupa, zile zinazokuzwa labu. Kabla hujakuza kitu chochote hakikisha ni chenyewe. HEp-2 kwa miaka mingi iliitwa seli ya saratani ya koo la sauti, KB ikaitwa ya mdomoni, na zote mbili ni HeLa, yani seli za mlango wa kizazi za Henrietta Lacks wa Baltimore, 1951. Tena HeLa ina kirusi cha HPV 18 ndani yake, protini yake E6 inaivunja p53, protini inayozuia saratani, muda wote, sasa wewe unaandika kuhusu koo la mvuta sigara, ambaye kwa kawaida p53 yake imeharibika kwa mutesheni, yani badiliko kwenye jeni, vitu viwili tofauti kabisa. Pima STR, alama za DNA za kutambua seli ni ya nani, pima maikoplazma, bakteria wanaochafua seli za labu, ndo uendelee.

Jaribio la mkwaruzo, la kukwaruza zulia la seli uone zinavyoziba mwanya, nalo liangalieni kwa makini, mwanya ukifunga baada ya saa 48 inawezekana seli hazijahama kabisa, zimezaliana tu. Punguza saa, punguza seramu, chakula chao, au zuia seli kugawanyika kwa dawa ya mitomaisini, na bado rudia kwenye chujio la matundu ya mikromita 8 lenye matrijeli juu, jeli inayoiga utando wa chini.

Ukiomba sampuli, omba bloki mbili, yani tishu iliyozamishwa kwenye nta, za mgonjwa yuleyule, uvimbe na tezi. Mimi nilipopaka za tezi nilikuta nyingi rangi ya E-kadherini imerudi, seli zimefika zimejenga tena viota kama nyumbani, kitu ambacho ukiwa na uvimbe peke yake hutakiona hata miaka kumi. Na slaidi ikitoka kwa mkataji iangalie hapohapo, kama pembeni hamna msuli wala tishu nzima, hapo hamna ukingo, rudisha bloki umwombe nyingine.