Kibarua wako yuko kwenye orodha ya mafunzo?

Nasimamia stoo ya kemikali Dar es Salaam. Tunauza kostiki ya magunia kwa watengeneza sabuni, klorini ya unga kwa wenye visima na mabwawa, na tindikali ya madumu kwa mafundi na viwanda vidogo. Miaka michache iliyopita tuliwapeleka watu kwenye mafunzo ya siku mbili ya usalama wa kemikali hotelini. Nilikwenda mimi, mhasibu, karani wa stoo na dereva. Tukarudi na vyeti.

Wiki chache baadaye gunia la kostiki la kilo 25 lilipasuka likiwa begani kwa kijana aliyekuwa akipakia lori. Chengachenga zikamwingia jicho la kushoto. Mwenzake akamwagia maji ya chupa ya kunywa, akapangusa kwa fulana. Nilipofika aliniambia, "Bosi, imeshatulia," nami nikamwamini. Hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa: mmeliosha jicho kwa dakika ngapi? Hazikufika mbili. Kostiki inatakiwa ioshwe kwa maji yanayotiririka, mfululizo, dakika 20 au zaidi, huku kope zimefunuliwa, tena palepale kabla hata ya kutafuta gari. Haiishii juu ya jicho, inazidi kupenya ndani hata maumivu yakipungua. Kijana yule alibaki na kovu, na jicho hilo sasa linaona ukungu.

Yeye hakuwa kwenye orodha ya mafunzo. Alikuwa kibarua, na orodha niliiandika mimi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza mafunzo mazuri yanapatikana wapi, humwomba kwanza ahesabu mikono inayogusa mzigo: wapakiaji, wanaopima rejareja, mama anayefagia, mlinzi anayebaki usiku na mapipa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelekezo na mafunzo. Kostiki haiulizi nani ana mkataba.

Baada ya hapo ndipo utafute mkufunzi. Pa kuanzia ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayosimamia biashara ya kemikali na huwafundisha pia madereva wanaozisafirisha. Hata ukiamua kumchukua mkufunzi binafsi, waulize watu wa ofisi hizo kama wanamtambua.

Lakini kutambuliwa peke yake hakutoshi. Mkufunzi wetu wa hotelini alikuwa msomi kweli, ila alizungumzia zaidi bohari za mafuta, tena kwa Kiingereza. Sisi hatuuzi hata lita moja ya petroli. Wa pili nilimpa sharti moja: aje aone stoo kabla hatujapatana bei. Akaomba orodha ya kila tulichonacho pamoja na zile karatasi za usalama ziitwazo SDS, zenye sehemu 16. Alipoingia tu akasimama mbele ya klorini yetu, iliyopangwa bega kwa bega na madumu ya tindikali. Vikivuja vikakutana, akasema, vinatoa gesi ya klorini, na stoo hii ina mlango mmoja. Siku hiyohiyo tulihamisha tindikali. Mtu wa namna hiyo mlipe.

Alifundisha kwa Kiswahili, palepale stoo, Jumamosi asubuhi. Vibarua wote tuliwalipa kama siku ya kazi, na hili nalisisitiza, kwa sababu anayelipwa kwa mzigo hawezi kukaa saa nne nzima akisikiliza huku watoto wanasubiri unga. Walijifunza alama za hatari, zile za umbo la almasi zenye mpaka mwekundu, hasa ile ya kimiminika kinachokula mkono. Walijifunza kwamba barakoa ya kitambaa haizuii gesi, na kwamba glavu iliyotoboka inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kabisa, maana kemikali hujifungia humo na ngozi.

Kisha akatuambia tufumbe macho. Mmoja mmoja, kutoka palipopasuka gunia lile, twende bombani bila kuangalia. Bomba lilikuwa nyuma ya ukuta, ukipita pembeni ya lori. Hakuna aliyefika bila kujigonga, na watatu walipotea kabisa. Alipofungua koki, maji hayakutoka. Ulikuwa mgao.

Nilikaa chini nikashindwa kusema. Nilikuwa nimelipia hoteli ya siku mbili, na stoo haikuwa na maji ya kuosha jicho la mtu.

Sasa kuna simtanki ya lita 1,000 ndani, juu ya stendi, yenye bomba la mvua na mpira, na njia ya kuifikia haiwekwi mzigo hata kukiwa na haraka kiasi gani. Hatuitumii kwa kazi nyingine. Karani anaikagua kila asubuhi kabla ya kufungua lori la kwanza, na kibarua mgeni haruhusiwi kunyanyua gunia mpaka aifikie akiwa amefumba macho.