Muulize Fundi: Injini nzima, tangi je?

Wiki hii barua nyingi ni za watu wanaotaka kutoka na boti zao kwa safari ndefu za kufuata pwani. Nimechagua chache, na ile ya kwanza nitakaa nayo sana maana ndiyo inayowarudisha watu nyumbani wakivutwa kwa kamba.

Fundi habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna boti ya matanga ya mita 10, injini ni dizeli. Tunataka kwenda kama maili 400 za bahari, tunatembea mchana, usiku tunatia nanga. Wikiendi zote tunatoka nayo vizuri tu. Sasa juzi tulivyokutana na mawimbi injini ikaanza kukohoa ikazima, tukarudi kwa tanga, kufika penye shuwari ikawaka kama vile haikuwa na lolote. Mafundi wawili wamesema nzima. Shida nini? Mama Matanga

Dada, mafundi hawajakudanganya, injini ni nzima, mgonjwa ni tangi la dizeli.

Iko hivi. Tangi likikaa nusu kwa miezi, ile hewa iliyobaki juu ina unyevu, usiku kukipoa inatoa jasho kwenye kuta za tangi, maji yanateremka mpaka chini kabisa kwa sababu ni mazito kuliko dizeli, na pale yanapokutana na dizeli wanaota vijidudu wanatengeneza uteute mweusi hivi kama makamasi. Bahari ikitulia uteute umelala zake chini, mrija unafyonza dizeli safi juu yake, kila mtu anafurahi. Wimbi likipiga tangi lote linakorogeka, kipande kinakwenda kuziba mdomo wa mrija au filta, injini inakufa njaa. Ukizima kinaachia, kinazama tena. Ndo maana mafundi wako wameikagua ikiwa imefungwa gatini hawakuona kitu!

Fanya hivi, tafuta ile filta yenye kikombe chini, fungua skrubu ya kikombe, kinga kwenye chupa ya kioo inayoonyesha ndani, iache saa nzima. Kama ndani ya chupa kuna mstari, juu rangi ya dizeli na chini maji, au vinaelea vijinyuzi vyeusi, basi usiende popote. Fungua mfuniko wa tangi, nyonya kila kitu kuanzia chini, ingiza mkono na kitambaa ufute mpaka kona. Usimwage tu dawa ya kuua vijidudu ukaona umemaliza, maana hata wakifa maiti zao zinabaki mle mle na zinaziba filta vilevile. Ukishasafisha jaza tangi, lisikae nusu tena.

Halafu beba filta za akiba, si moja, ya kwanza baada ya kusafisha tangi huwa inaziba haraka. Na mjue kuibadilisha wote wawili, wewe na mzee, pamoja na kutoa hewa kwenye laini ya dizeli: unalegeza skrubu ya hewa, unapampu kile kimkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, unakaza. Fanyeni mara tatu mkiwa mmetia nanga mahali salama, kwa sababu siku ya kweli mtafanya huku boti inalala ubavu, mmoja anatapika na mwingine ameshika tochi kwa meno.

Fundi, nataka orodha ya spea za kubeba, mimi si mtu wa injini. Baharia wa Jumapili

Orodha ndefu sikupi, utaiprinti ukaisahau. Belti, oili, filta, klempu za mipira, na impela, yaani kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu inayovuta maji ya bahari kupoza injini. Ikikaa muda mrefu bila kuzunguka mapezi yake yanapinda yanakauka hivyohivyo, siku ukiwasha yanakatika.

Hapa kuna kitu watu wanaruka na mimi mwenyewe niliruka. Niliwahi kufungua pampu nikakuta mapezi mawili hayapo, nikaweka impela mpya nikajipongeza, baada ya muda injini ikapata joto tena. Kumbe vile vipande vilisafiri na maji vikaenda kukwama kwenye mdomo wa kipozeo. Kwa hiyo hesabu mapezi, kama yamekatika mawili tafuta mawili, na yapange pale mezani yaungane kama sufuria iliyovunjika. Kila ukiwasha injini chungulia nyuma, maji yanatoka pamoja na moshi? Hayatoki, zima hapo hapo.

Shafti ya propela inadondosha maji ndani, naogopa tutazama. Bi Mdogo wa Boti

Bi Mdogo, kama sili ya shafti, yaani kile kizuizi cha maji, ni ile ya zamani inayokazwa kwa kamba zenye grisi, matone machache shafti ikizunguka ni sawa, ndiyo yanaipoza. Ikisimama isidondoshe. Ukiikaza mpaka ikauke kabisa itaungua na kuila shafti. Kinachonitisha mimi ni vali za chini ya maji ambazo hakuna aliyezigusa tangu mwaka juzi. Funga na ufungue kila moja, na kando ya kila vali ning'iniza kizibo cha mbao cha saizi yake. Pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyojikusanya chini ndani ya boti, usiijaribu kwa kubonyeza swichi tu, mwaga ndoo ya maji uone kama boya linaiwasha lenyewe.

Pesa inatosha kitu kimoja: skrini kubwa ya ramani au waya mpya za kushikilia mlingoti. Waya zina miaka 17 lakini zinang'aa. Kijana wa Dira

Waya. Mwanangu, kung'aa si afya. Waya za chuma kisichoshika kutu zinaoza pale zinapoingia kwenye kikonyo, yaani kile kipande cha chuma kinachobana ncha ya waya, na wengi wanazibadilisha kati ya miaka 10 na 15. Pitisha pamba pale mwanzoni mwa kikonyo, ikinasa hata uzi mmoja ujue umeshakatika. Bila skrini una dira, ramani ya karatasi na simu. Bila mlingoti una mzigo unaogonga ubavu wa boti.

Mnyororo nimwage mita ngapi? Nanga Nzito

Wengi mnapima kina cha maji mnasahau mawili. Kina mita 4, maji yatajaa mita 2 zaidi, omo, yaani mbele ya boti, iko mita 1 juu ya maji, hiyo ni 7, zidisha kwa 5, mwaga 35. Upepo ukichachamaa ongeza, na kama ni kamba badala ya mnyororo anza kwa kuzidisha kwa 7, si 5. Angalia pia nyuma yako kuna nafasi ya kuzunguka.

Nimepaka boti rangi mpya chini, mpaka zile zinki, vile vipande vya madini vinavyofungwa chini kulinda propela, nimezipaka zimependeza sana. Zinki zibadilishwe lini? Mpenda Rangi

Eeh jamani! Zinki iko pale iliwe yenyewe majini badala ya propela yako, ukiipaka rangi umeifunga mdomo. Inabadilishwa ikibaki nusu. Sasa hivi chukua brashi ya waya uikwangue mpaka zinki tupu ionekane, kabla boti haijarudi majini.