Kabla ya kununua epo, tazama mapera

Kwetu mgonjwa hupelekewa epo na zabibu. Ukiingia wodini na mfuko wa mapera watu wanakutazama kama umeokota njiani. Nimeuguza ndugu wa pande zote mbili, wa kwangu na wa mume wangu, na hilo huwa linaniuma, kwa sababu ukiniuliza tunda gani lina faida zaidi mwilini kati ya yote yanayofika sokoni, nitakujibu bila kusita kwamba ni pera.

Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Chungwa kwa uzito huohuo lina kama 50, na epo haifiki hata 10. Mtu mzima anatakiwa kupata kama miligramu 45 kwa siku, kwa hiyo pera moja tu, hata liwe dogo, linamtosha na kubaki. Nyuzinyuzi zake nazo ni kama mara mbili ya zile za epo. Na kwa bei ya epo moja, msimu ukikolea, unarudi na mapera ya kula nyumba nzima. Epo si tunda baya, ila haina kitu cha kumfanya mtu ajinyime nauli ili ainunue.

Sokoni usikimbilie yale makubwa. Pera zuri linanukia hata kabla hujaliinua, kijani chake kimeanza kugeuka manjano, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea kidogo. Ukiona kitobo au alama nyeusi kama ncha ya sindano, liache, humo mna funza. Nyumbani lioshe kwa maji safi yanayotiririka, ulile na ganda lake, maana ganda nalo lina vitamini C nyingi. Wanaosema mbegu zinafunga choo wana ukweli kidogo: mtu akishindilia mapera mabichi na maji hanywi, tumbo litamsumbua. Yaliyoiva, kwa kiasi, sijaona yakimdhuru mtu nyumbani kwangu.

Kilichonifanya nilishike hili ni ujauzito wa binti yangu. Kliniki walimwambia damu yake ni ndogo, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Nesi akamuuliza, "Mama, chai unakunywa saa ngapi?" Akajibu kwamba anakunywa na chakula, kama wengi wetu. Nesi akamweleza kwamba chai inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha yasiingie mwilini vizuri, na kwamba tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na chakula linafanya kinyume chake, linasaidia yaingie. Basi tukaisogeza chai mbali na mlo, na kando ya sahani ya maharage pakawa na pera au kipande cha papai kila siku. Damu ilipanda. Kazi kubwa ilifanywa na vidonge, na asitokee mtu wa kuviacha akitegemea matunda. Lakini mpangilio ule wa meza haujabadilika mpaka leo.

Papai nalipa nafasi ya pili. Linapatikana karibu mwaka mzima, ni laini kwa mtoto na kwa mzee asiye na meno, na vitamini C yake inalizidi chungwa. Parachichi ni la namna yake: mafuta yake ni mazuri kwa moyo, na ukilitia kwenye kachumbari, vitamini A ya karoti na ya mboga za majani inaingia mwilini vizuri zaidi, kwa kuwa inahitaji mafuta. Embe nalipenda kuliko yote, ila dodo moja kubwa lenye nyama ya gramu 300 lina sukari inayofika gramu 40. Mama mkwe wangu ana kisukari. Yeye tunamkatia kipande, halafu linalobaki tunakula wengine.

Juisi ndiyo ninayoigombania zaidi. Tunakamua machungwa manne, tunachuja, tunatupa makapi yenye nyuzinyuzi, tunaongeza sukari, kisha tunampa mtoto glasi tukiamini tumemlisha matunda. Hayo machungwa manne asingeyamaliza kwa kuyamenya. Mpe chungwa moja alile na nyama zake, na kiu aikate kwa maji.

Wapo ambao ushauri wangu hauwafai moja kwa moja. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuzuiwa ndizi na parachichi kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo, kwa hiyo asile kabla ya kumuuliza daktari wake. Anayemeza dawa za presha au za kushusha lehemu aulize kuhusu balungi, maana linafanya baadhi ya dawa hizo ziwe kali kupita kiasi mwilini. Na ukienda kumwona mgonjwa, muulize kwanza anayemuuguza kama ana katazo lolote. Akikwambia hakuna, mpelekee mapera yaliyoiva, uyaoshe nyumbani, uyafunge kwenye chombo chenye mfuniko, ubebe na kisu kisafi.