Maswali yenu ya maikrowevu: simu ndani ya tanuri, wali kiporo na kikombe kilichoniunguza

Maswali ya maikrowevu yamerundikana, kwa hiyo leo nayajibu kwa pamoja. Nyumba nyingi zinayo siku hizi. Imeletwa na ndugu kutoka nje, imenunuliwa Kariakoo, au imeachwa na jirani aliyehama, na mara nyingi inafika bila kijitabu chake cha maelekezo. Kwa miaka niliyozitengeneza nimeona jambo moja linalonisumbua: watu wanaogopa mionzi, lakini kinachowaumiza ni maji ya moto, chakula kilichopashwa nusu na mikono inayofungua kifuniko cha nyuma.

*Fundi, shikamoo. Niliambiwa niweke simu ndani ya maikrowevu, nifunge mlango, kisha niipigie. Simu iliita! Ina maana mionzi inavuja? Nina watoto wadogo. (Mama, Tanga)*

Marahaba, mama. Ondoa hofu. Jaribio hilo limesambaa sana na linatisha watu bure. Simu imetengenezwa ili inase wimbi hafifu mno, hata lile lililokwisha kupita kuta mbili tatu za tofali. Mlango wa maikrowevu nao umetengenezwa kuzuia wimbi la aina moja tu, la megahezi 2,450. Kwa hiyo simu kuita humo ndani hakukuambii lolote kuhusu usalama wa mlango. Ubaya wake ni mwingine: siku simu ikisahaulika humo na mtoto akabonyeza kitufe, utakuwa na moto jikoni.

Sogeza uso karibu na kioo cha mlango, ikiwa imezimwa. Utaona wavu wa chuma wenye vitundu vidogo kama ncha ya kalamu. Wimbi linalopasha chakula lina urefu wa sentimita 12 hivi, na haliwezi kupenya vitundu hivyo. Mwanga unapenya, ndiyo maana unaiona sahani ikizunguka. Viwango vya usalama vinaruhusu uvujaji usiozidi miliwati 5 kwa sentimita moja ya mraba, ukipimwa sentimita 5 kutoka kwenye tanuri, na ukirudi nyuma hatua moja tu kiasi hicho kinapungua sana. Tena mawimbi haya si ya jamii ya eksirei. Yanazitikisa molekuli za maji zilizomo kwenye chakula, chakula kinapata joto. Ukizima, yameisha. Hakuna kinachobaki ndani ya mboga.

Kagua mlango wenyewe. Je, bawaba zimelegea? Ndoano za kufungia zimevunjika? Wavu umetoboka, au mlango ulipinda siku tanuri ilipoanguka? Na kubwa kuliko yote: ukifungua mlango inapofanya kazi, inazima papo hapo? Kama inaendelea kuunguruma mlango ukiwa wazi, chomoa plagi na usiitumie tena mpaka itengenezwe.

*Nilichemsha kikombe cha maji. Yalikuwa yametulia kabisa, hata povu hakuna. Nilipotia kijiko cha kahawa yakaruka yote usoni. Ni jini gani hili? (Msomaji, Mombasa)*

Pole sana, ndugu yangu. Natumai macho yamesalimika. Hilo lilinipata na mimi, na kovu liko hapa juu ya kidole gumba. Kilikuwa kikombe cha kioo, kipya, maji safi ya kunywa. Dakika tatu. Nilikitoa, nikakitazama, maji yametulia kama ya mtungini. Nikatumbukiza pakiti ya majani ya chai. Sikusikia hata mlio, niliona tu kikombe kimebaki nusu na ngozi ya mkono imebadilika rangi.

Sababu yake ni hii. Kwenye sufuria juu ya jiko, joto linatoka chini, na pale chini kuna mikwaruzo inayosaidia viputo vya mvuke kuanza. Ndiyo maana sufuria huanza kuimba kabla ya kuchemka. Kwenye maikrowevu maji yanapashwa yenyewe, na kama kikombe ni laini, hakuna pa kuanzia kiputo. Maji yanapita nyuzi 100 huku yametulia. Ukitia kijiko, sukari, kahawa au majani, mvuke wote uliokuwa umezuiliwa unafumuka kwa mara moja.

Kinga yake haina gharama. Kabla ya kuwasha, weka kijiti cha mti ndani ya kikombe, hata kile cha mishikaki kinatosha. Usizidishe muda: kikombe kimoja kwa tanuri ya wati 700 au 800 ni dakika mbili hivi. Ikizima, subiri nusu dakika kabla ya kugusa, na uso uwe mbali. Maji yaliyokwisha kuchemshwa mara moja usiyarudishe, kwa sababu hewa imeshatoka ndani yake na hayo ndiyo yanayofumuka upesi zaidi. Ukiungua, weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na asali viache mezani.

Yai nalo lina tabia hiyohiyo, liwe bichi kwenye ganda au limechemshwa na kumenywa. Linaweza kupasuka mdomoni, baada ya kutolewa. Usipashe yai zima kabisa.

*Maziwa ya mtoto naweza kuyapasha humo? (Mama wa mtoto wa miezi mitano, Morogoro)*

Hapana, dada. Chupa kwa nje itakuwa vuguvugu na katikati yake pakawa na maziwa ya kuunguza ulimi. Iweke chupa kwenye bakuli la maji ya moto, itikise taratibu, kisha dondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Maziwa uliyokamua mwenyewe yanataka uangalifu zaidi, maana joto kali linaharibu baadhi ya kinga alizomwekea mtoto Mwenyezi Mungu humo.

*Nyumbani tunapenda wali kiporo na chai asubuhi. Mume wangu anasema maikrowevu inaua kila kijidudu, hata wali uliolala mezani hauna shida. Ni kweli? (Msomaji, Temeke)*

Mpe salamu mumeo, na umwambie kwa upendo kwamba hapo si sahihi. Nami kiporo nakipenda, hasa cha wali wa nazi wenye ukoko, ndiyo sababu nitalieleza hili kwa kirefu.

Mchele una mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus*. Mbegu hizo ni ngumu, zinavumilia kuchemshwa. Wali ukipikwa saa mbili usiku na kuachwa mezani chini ya kawa, kwa joto letu la Dar, mbegu zinaamka, zinazaana, na zinatoa sumu kwenye wali. Asubuhi ukiupasha unawaua bakteria wengi, lakini sumu ile ya kutapisha haiharibiwi na joto la kupashia. Mtu anakula wali wenye moshi na bado anatapika kabla ya adhuhuri. Wali wenyewe unaweza usinuke wala usiteleze.

Kwa hiyo kiporo salama kinaanza usiku. Mkimaliza kula, utandaze wali uliobaki kwenye sahani pana upoe haraka, na uingie friji ndani ya saa moja. Uleni kesho yake, na upashwe mara moja tu. Kama hamna friji, pikeni wa kutosha mlo mmoja.

Namna ya kupasha nayo ni muhimu. Mawimbi yanaingia sentimita mbili tatu tu ndani ya chakula, kwingine joto linasambaa lenyewe polepole. Rundo la wali katikati ya sahani litakuwa moto pembeni na baridi kati. Upange kama pete, uache uwazi katikati, nyunyizia kijiko cha maji, funika kwa sahani nyingine bila kubana, washa dakika moja na nusu, koroga, rudisha tena dakika moja. Kisha uache utulie dakika mbili kabla ya kula. Chakula kinatakiwa kifike nyuzi 74 kila mahali. Kama huna kipimajoto, ingiza kijiko katikati na uhakikishe mvuke unatoka huko pia. Maharage na nyama ya mchuzi vinataka kukorogwa hata zaidi.

*Vyombo gani viingie na vipi visiingie? Nina seti ya harusi yenye mstari wa dhahabu. (Bibi, Zanzibar)*

Shikamoo, bibi. Seti hiyo iache kabatini. Mstari ule ni madini halisi, utatoa cheche na utaungua mweusi. Kioo kinachostahimili joto na kauri isiyo na nakshi ya madini vinafaa. Makopo ya siagi na aiskrimu hayafai, yalitengenezwa kwa vitu vya baridi. Sahani za melamini, zile ngumu zisizovunjika, hazifai pia. Bahasha za kaki zinaweza kushika moto, na foili ni chuma.

Chombo usichokijua kiweke ndani pamoja na glasi ya maji pembeni yake, washa dakika moja. Maji yakiwa moto na chombo ni baridi, kinafaa. Chombo kikiwa moto, kitumie kwa kazi nyingine.

*Shemeji amenitumia maikrowevu kutoka Marekani. Naweza kubadili plagi tu nikaitumia? (Msomaji, Arusha)*

Usibadili plagi, utaiunguza mara ya kwanza tu. Kule umeme ni volti 120, kwetu Tanzania ni 230. Hata ukinunua transfoma ya kushusha, inashusha volti lakini haigusi mizunguko ya umeme kwa sekunde: wao hezi 60, sisi 50, na transfoma iliyo ndani ya tanuri itapata joto kupita kiasi. Zinazoletwa kutoka Dubai au Muscat hazina tatizo hilo, umeme wao unafanana na wetu na plagi ni ileile ya pini tatu.

Tukiwa kwenye umeme: ile 700 iliyoandikwa mlangoni ni nguvu inayofika kwenye chakula. Ukutani inavuta kama wati 1,200. Ukiichomeka kwenye ekstensheni moja na birika la wati 2,000, jumla ni 3,200, karibu ampea 14, na fyuzi ya plagi ni 13. Waya wa ekstensheni ya bei rahisi unaweza kuyeyuka kabla fyuzi haijakatika. Ichomeke ukutani, peke yake. Kuhusu LUKU usiogope, dakika tano ni kama uniti 0.1.

*Inatoa cheche upande wa kulia ingawa hakuna chuma ndani. (Kijana, Kinondoni)*

Angalia ukuta huo wa kulia. Kuna kipande cha karatasi ngumu rangi ya kahawia, kinaitwa maika. Mafuta yakirukia hapo na kuungua yanakuwa makaa, na makaa yanatoa cheche. Acha kuitumia. Mara nyingi ni kipande hicho tu kinachotakiwa kubadilishwa, kinakatwa kwa mkasi na bei yake ni ndogo. Ukichelewa, cheche zinaweza kutoboa ukuta wa chuma nyuma yake, na hapo tanuri imekufa. Usiiwashe ikiwa tupu pia, nguvu inakosa pa kwenda na inarudi kumchosha magnetroni, yule anayezalisha mawimbi.

Moto ukiwaka ndani, usifungue mlango. Zima, chomoa, ngoja. Bila hewa mpya utazimika.

*Harufu ya samaki haitoki. (Msomaji, Kisumu)*

Bakuli la maji, ndimu moja iliyokatwa vipande, kijiti cha mti ndani, dakika tatu. Acha mlango umefungwa dakika tano zaidi, kisha futa kwa kitambaa laini. Uchafu utatoka kama tope. Usitumie waya wa kusugulia, vipande vyake vinabaki na kutoa cheche. Osha sahani ya kioo na kile kipete chenye magurudumu chini yake, ila sahani ikiwa moto usiitie maji baridi. Na naomba sana, akina mama: kile kitambaa kizuri cha kufuma mlichoitandikia juu kinaziba matundu ya hewa. Kitoeni. Matundu hayohayo ndiyo njia ya mende, basi makombo ya chini na nyuma yafutwe kila jioni.

*Taa ya ndani imeungua. Nina bisibisi, naweza kufungua kifuniko nibadilishe mwenyewe? (Kijana wa ufundi, Mbeya)*

Mdogo wangu, usifungue. Redio na pasi ukichomoa umemaliza. Humu ndani kuna kapasita inayofanya kazi kwa volti zaidi ya 2,000, na inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya plagi kutoka ukutani. Ukiigusa kwa kidole, au bisibisi yako ikateleza, moyo unaweza kusimama. Fundi wa maikrowevu anaitoa chaji kwanza kwa kifaa maalumu, kabla hajagusa kitu kingine. Kabla hujamkabidhi mtu tanuri yako, muulize anaitoaje chaji ya kapasita. Akisita, irudishe nyumbani. Inapasha vizuri hata bila taa.