Kujitoa Umoja wa Ulaya na uhaba wa nyanya Uingereza

Je, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya ndiko kulikomaliza nyanya madukani kwake? Hapana, kujitoa peke yake hakumalizi mboga dukani. Rafu za nyanya na matango zilipobaki tupu Uingereza Februari 2023, chanzo kikubwa kilikuwa baridi iliyopunguza mavuno Hispania na Morocco, na Morocco haijawahi kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Tena bei ya nishati iliwafanya wakulima wa Uingereza wenyewe wapunguze kupanda kwenye vitalu nyumba. Mimi nauza nyanya Kirumba, hapa Mwanza: mvua ikikata njia ya shambani, bei ya tenga inapanda siku hiyo hiyo, na hakuna mpaka uliofungwa. Ila kujitoa kunaongeza makaratasi na gharama, na mzigo ukiwa haba muuzaji humpelekea kwanza mteja asiye na usumbufu.